Mutu Alikufa Hapa

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya Kibabi, na kinanda cha kanisa nilikipiga mimi. Ndiyo maana Madame, mke wa mwenye shamba la pareto, aliniita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa ugonjwa, hivyo mimi nikawa mkono wake wa kushoto. Kila Jumapili baada ya chakula tuliketi kwenye benchi moja mbele ya piano, yeye akipiga sauti za juu, mimi za chini.

Kipande alichokipenda kilikuwa hakijaisha. Mtunzi wake, Mzungu wa zamani, alifariki kabla ya kukimaliza. Tukifika pale alipoishia, Madame alinyanyua mkono ghafla, akatoa kitambaa, akafuta jicho ambalo nililichunguza miezi mingi bila kuona chozi. Nikiuliza kama hatuwezi kumalizia, alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi: "Apana! Mutu alikufa hapa."

Basi. Mtu amekufa, chai iletwe.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Mama alitengeneza siagi kwa kutikisa maziwa ndani ya kisabo, kile kibuyu kikubwa, na alitufokea: "Ukianza, usiache katikati! Siagi itapotea!" Kila Jumapili nilirudi nyumbani nikiona siagi imepotea, na hasira zimenijaa.

Mwaka mmoja Madame alikuwa anajiandaa kurudi kwao Ulaya. Aliniahidi kwamba mgeni wake, bingwa wa muziki aliyekuwa anakuja kutusikiliza, akifurahi, piano itabaki shuleni kwetu. Niliitaka piano ile kuliko nilivyomtaka mchumba wangu, na mchumba alijua.

Siku ikafika, tukampigia mgeni kipande kile mpaka pale kinapokatika. Madame akanyanyua mkono, kitambaa nje. Mkono wangu haukusimama. Uliendelea kama unatikisa kisabo, polepole, kisha haraka, wa kulia nao ukaufuata, mpaka siagi ikashikana. Nikatua.

Mgeni alilia machozi ya kweli. Alisema ni kama marehemu mtunzi mwenyewe kabisa, akauliza nani aliyetunga mwisho ule.

"Mimi," alijibu Madame bila hata kukohoa.

Mgeni akamwomba arudie. Madame akaniinamia, akanong'ona kwa Kiswahili ambacho mgeni hakukijua: "Mwalimu, piga. Upesi!"

Nilikunja mikono. "Apana, Madame. Mutu alikufa hapa."

Piano iliondoka kwa lori. Mchumba wangu alifurahi. Mimi nilifundisha nyimbo kwa mdomo mpaka nikastaafu, na bado inaniuma.