Kilo Tisa za Justina Jilala

Siku Justina Jilala alipotumwa kwenda kupimwa kwenye ghala la pamba, wakulima wa Kasoli walikuwa wamejipanga na mafurushi yao tangu alfajiri. Mizani ya kituo cha afya iliishia kilo mia na ishirini. Mshale ulipogota mwisho, tabibu alimwandikia kikaratasi: aende ghalani, apimwe, arudi na namba. Tabibu hakuona aibu yoyote kumtuma huko.

Justina ni fundi cherehani, mwenye umri wa miaka arobaini na mitano, na nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni ile aliwahi kuwashonea watoto wao sare. Alivua ndala, akapanda juu ya mizani.

"Karani, usisahau kutoa uzito wa kanga!" mmoja akapaza sauti, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Karani Nkwabi hakucheka. Ila ghalani uzito hutangazwa kwa sauti ili mkulima asipunjwe, na mdomo wa Nkwabi ulikuwa umekwisha kuzoea. "Mia moja ishirini na sita!" akaita, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kilichompeleka kwa tabibu kilikuwa magoti. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na ilikuwa imefika mahali akikanyaga robo saa hulazimika kunyoosha mguu na kuusubiri upoe. Fundi asiyeweza kukanyaga hana kazi. Alitaka rufaa ya mazoezi ya viungo, Bariadi mjini.

"Rudi ukifika kilo themanini, ndipo nitakuandikia," tabibu alisema. "Kabla ya hapo tunapotezeana muda."

"Na nikipungua kidogo?"

"Kidogo si kitu, mama."

Dawa ya presha, aliyokuwa akiitumia tangu zamani, aliendelea kupewa dirishani kila mwezi. Mlango wa tabibu ndio uliofungwa. Justina akamwamini, kama sisi sote tunavyofundishwa kumwamini mwenye koti jeupe. Akajinyima chakula, akabaki na kikombe kimoja cha uji kwa siku. Wiki ya tatu macho yakaingia giza, akaanguka kando ya cherehani. Maua, muuguzi wa Lagangabilili aliyekuja kuchukua sare zake, ndiye aliyemkuta amelala juu ya mkeka.

"Nani kakwambia ufunge hivi?"

"Nina kilo arobaini na sita za kutoa, mwanangu. Nitazitoaje kwa kula?"

"Nani kasema zote? Hebu niambie, gauni likimpwaya mteja, unalifumua lote?"

"Nalipunguza ubavuni."

"Basi. Toa sita kwanza. Mwili unaanza kuonyesha nafuu katika presha, katika sukari, hata katika magoti, mtu anapopungua tano kwa kila mia ya uzito wake. Ukifika kumi kwa mia, nafuu huongezeka. Zaidi ya hapo ni heri zaidi, lakini si sharti la kutibiwa."

Justina alikaa akapiga hesabu kwa vidole. Sita. Hakuna aliyewahi kumpa namba anayoweza kuibeba.

Akapunguza ugali, akaongeza mlenda na choroko. Soda akaiacha dukani. Njia ya kwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, aliyozoea kuipita kwa bodaboda, akaanza kuitembea, kwanza kwa kusimama mara nne, baadaye mara moja. Wifi yake, Matilda, ndiye aliyeingiwa na hofu.

"Wifi, unakonda. Watu watasema kaka yangu hakulishi. Au wataanza kunong'ona kwamba unaumwa."

"Njoo uione sahani ya kaka yako, iko pale pale. Niliyopunguza ni yangu."

Baada ya miezi sita alirudi kituoni, na safari hii mshale ulisimama kabla ya kugota: mia moja na kumi na saba. Kilo tisa. Presha iliyokuwa 168 kwa 102 ilisoma 134 kwa 84, kwa kidonge kile kile. Asubuhi hiyo alikuwa amekanyaga cherehani saa nzima bila kunyoosha mguu.

Tabibu alitazama namba moja tu. "Hujafika themanini."

"Mwangaluka, daktari," alisema Justina, kwa kuwa hakuwa amesalimiwa. Akavuta kiti, akakaa. "Andika presha ya mwanzo, andika na ya leo pembeni yake. Kisha andika hapo chini kwamba kidogo si kitu, uweke sahihi yako. Nitaondoka."

Tabibu alisoma namba mbili za presha, akazirudia. Hatimaye akafungua droo, akatoa fomu ya rufaa, akaijaza.

Justina alipata haki yake kwa sababu alikaa kitini. Wangapi waliambiwa themanini wakaenda zao kimya?

Kwenu ninyi mnaosimamia vituo vya afya vya mkoa huu: nunueni mizani inayomtosha kila mgonjwa, na iwekeni nyuma ya pazia. Futeni sharti hilo la kilo themanini, ambalo halina msingi wowote wa tiba. Aliyepungua kilo sita mpokeeni, na asiyepungua hata moja mpokeeni vilevile, mtibuni. Fanyeni hivyo mwaka huu.