Mfuko Uliolegea

Mama yangu alikuwa dobi. Watu walimwita Mama Pasi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, na meza ya kupigia pasi ndiyo iliyokila chote. Mimi nilikaa chini yake.

Kila shati alilisoma kabla ya kulinyoosha.

"Kiwiko kimelika. Huyu anaegemea dirisha. Anamsubiri nani?"

"Dada yake, mama."

"Dada yake kaenda wapi?"

Hapo lazima nitunge. Kola aliiacha mwisho. Akiimaliza, anaweka pasi chini. "Mimi nimemaliza shati. Wewe maliza hadithi."

Siku moja hadithi ilinoga mno, akampa fundi saa shati la mtu mwingine, kwa kuwa ndiye aliyefanana na mtu wa hadithi. Fundi akarudi, mikono ya shati inamwishia viwikoni.

"Mama Pasi, shati limenikataa!"

"Livae taratibu, baba. Litakuzoea."

Walicheka mpaka machozi. Mwenye shati hakucheka. Hakurudi tena.

Macho ya mama yalipokufa, alisoma kwa vidole. Alilishika gauni la kijani la mke wangu. "Mfuko wa kulia umelegea. Unabeba nini humu, mwanangu?" Mke wangu alicheka tu. Mimi sikuuliza.

Sikusoma shule. Herufi hizi alinifundisha mke wangu, uzeeni. Sasa ni mwezi wa pili hayupo.

Binti yangu alisema atakuja kuchukua nguo za mama yake, zinakula vumbi bure. Sikubisha. Nilizitandaza kitandani, nikazishika moja moja kama mama. Hakuna hadithi iliyokuja. Niliogopa. Zikiondoka kimya, nitakuwa nimemzika mara mbili. Gauni la kijani nilianza nalo, nikalirudia. Mfuko mtupu.

Binti akaingia jana asubuhi. "Baba, bado hujafunga hata moja?"

"Kaa kwanza. Mfuko huu umelegea. Mama yako alikuwa anatia nini?"

Akaushika. Akaingiza mkono mpaka kifundoni, akakaa nao humo.

"Mkono wangu," akasema. "Tukitembea barabarani nilikuwa natia mkono humu. Nilikuwa naogopa magari."

Nguo nyingine amezichukua.

Gauni nimelipiga pasi mwenyewe leo, vibaya vibaya. Mfuko sikuugusa. Kola pia nimeiacha.