Karantini ya Nicodemo Sulle

Serikali ilipoacha kutia dawa kwenye josho la kijiji cha Daudi, ikasema sasa ni soko huria na kila mfugaji ajitegemee, josho lilibaki na maji ya mvua na vyura, na Nicodemo Sulle akawa daktari wa mifugo. Hakuna aliyemteua. Alinunua bomba la sindano kwenye duka la dawa za mifugo, akalitia mfukoni mwa koti ncha ikichungulia, basi. Watu wakaanza kumwita Dokta, naye akaanza kuitika. Ndivyo nafasi zilivyokuwa zikijazwa miaka ile. Hata mkoa wa Manyara wenyewe ulikuwa umezaliwa juzi tu, ofisi zake bado zinanuka rangi, na hakuna aliyeuliza cheti chake.

Riziki yake hasa ilikuwa ng'ombe. Alishuka mnadani Gendabi, kwenye tambarare za Hanang, akanunua kwa wafugaji wa huko, akapandisha milimani na kuwauzia wakulima wa Daudi kwa maneno mengi. Mkewe, Restituta, alibaki nyumbani na shamba, kuku, watoto, na safari hii mimba iliyokuwa imeshaanza kumzuia kufunga kamba za viatu.

Siku chache baada ya kurudi kutoka Gendabi, Nicodemo alianza kuwashwa na kuchomwachomwa sehemu ambayo mtu haikuni mbele za watu. Mwili ukamuuma kama mwenye malaria. Mitoki ikavimba kwenye kinena. Kisha yakatoka malengelenge madogo, yamejikusanya pamoja kama punje za ulezi, yakapasuka yakawa vidonda. Mkojo ulipopita hapo, Dokta alishika nguzo ya zizi kwa mikono miwili.

Alijichunguza mwenyewe, na jibu likapatikana mara moja. Gendabi wiki ile ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia. Yeye alishinda akifungua vinywa vya ng'ombe atazame meno, na ng'ombe wakidondosha mate, ndimi zimejaa malengelenge. Baadaye akaenda nyuma ya zizi kukojoa bila kunawa. Malengelenge kwa malengelenge! Nani anahitaji maabara? Kuhusu Loveness, muuza pombe wa mnadani ambaye kwake Nicodemo alikuwa akilala kila anaposhuka, huyo hakuwa ng'ombe, kwa hiyo hakuingia kwenye uchunguzi.

Matibabu yakafuata. Alichukua ile dawa ya bluu ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, akajificha nyuma ya ghala, akapuliza. Majirani walimsikia akiita watakatifu watatu na ng'ombe mmoja.

Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata kanuni, akajiwekea karantini, kama bwana mifugo anavyofunga mnada. Bakuli lake peke yake. Kulala kwenye chumba cha ndama.

"Baba Clement, umegombana na kitanda?" Restituta aliuliza.

"Niko karantini."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Basi kale majani," Restituta akasema, akapakua ugali wake.

Vidonda vikakauka. Nicodemo akatangaza karantini imefunguliwa, akarudi kitandani, akapewa ukingo. Alijisifu kimoyomoyo: ugonjwa ambao serikali nzima inauogopa, yeye kaumaliza kwa kopo moja. Mwezi haukuisha. Akiwa shambani, kuwashwa kule kule kukarudi, pale pale.

Bado angenyamaza, maana alikuwa na kopo jingine. Kilichomtoa ni Basili, mchuuzi mwenzake, aliyepita akiwa amenuna.

"Dokta, mtamba wangu katupa mimba. Hii miguu na midomo haifai. Na wa jirani kazaa, ndama kasimama, kanyonya, kaanguka kafa."

"Ng'ombe mgonjwa anaambukiza mwenye mimba?"

"Unaniuliza mimi? Bomba si liko kwako?"

Nicodemo alimtazama Restituta kwa mbali, ameinama anapukuchua mahindi, tumbo limemtangulia. Jembe akaliacha pale pale, akaelekea zahanati.

Tabibu wa zahanati, Hilda, alikuwa na umri wa binti yake mkubwa.

"Shikamoo baba. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Mimi siumwi, nauliza tu. Mama mjamzito akikaa nyumba moja na mtu mwenye miguu na midomo, anaweza kutupa mimba?"

Hilda akamtazama kuanzia chini. "Baba, mbona sisi wote tuna miguu na midomo?"

Ikabidi aeleze. Alipomaliza, Hilda akafunga mlango, akavaa glovu, akamwomba ashushe suruali. Si rahisi mwanamume kuitikia marahaba na kushusha suruali katika kikao kimoja, lakini Nicodemo aliweza.

"Hii bluu ni nini?"

"Dawa."

"Ya nani?"

Nicodemo akatazama bango la uzazi wa mpango ukutani.

"Vaa, baba. Ninavyoona, haya ni malengelenge ya sehemu za siri. Ni kirusi. Hakitoki kwa ng'ombe, kinatoka kwa mtu, kwa kujamiiana."

"Lakini nilipona!"

"Vilikauka. Kirusi kinabaki kimelala mwilini, siku kikiamka vinatoka tena. Kukiondoa kabisa hakuna dawa, ila kuna vidonge vya kupunguza makali, na vinafaa zaidi ukianza mapema. Ungekuja lengelenge la kwanza lilipotoka usingeteseka hivi. Na upime na Ukimwi na kaswende, maana njia ni hiyo hiyo. Siku ukishindwa kabisa kukojoa, au kichwa kikauma sana na shingo ikakakamaa, ukimbilie hospitali. Usipulize kitu."

"Nimekipata lini?"

"Siwezi kujua. Kinaweza kukaa miaka bila kujionyesha. Aliyekupa anaweza kuwa hajui kama anacho, na unaambukiza hata vidonda visipokuwepo."

Nicodemo alianza kupumua. Miaka! Hapo palikuwa na nafasi ya kujificha.

"Mama yuko wapi?" Hilda akauliza. "Mimba ina muda gani?"

"Yuko karibu kujifungua. Mkunga wa jirani ameshaambiwa."

Uso wa Hilda ukabadilika. "Asizalie nyumbani. Akikipata sasa, mwishoni, kinaweza kumshika mtoto wakati wa kutoka, na mtoto mchanga hawezi kukihimili. Wengine wanakufa. Mlete leo. Akiwa na vidonda siku ya uchungu, hospitali watamfanyia upasuaji mtoto asipite hapo. Na usimguse mpaka ajifungue. Baadaye kondomu, nayo inapunguza tu."

"Mwambie wewe, mwanangu."

"Ugonjwa nitamweleza mimi. Umetoka wapi, hilo ni la kwako."

Njiani Nicodemo alijaribu uongo mmoja mmoja kama mtu anayechagua viatu vya mitumba. Choo cha mnadani. Taulo la gesti. Kurogwa. Wa kurogwa ulimkaa vizuri kabisa, akatembea nao mpaka kwenye migomba yake. Ila Restituta angeamini wamerogwa, angekwenda kwa mganga, siyo zahanati, na mtoto angezaliwa na mkunga wa jirani. Uongo wote uliomtosha yeye ulimbana mtoto.

Restituta bado alikuwa kwenye mahindi.

"Mama Clement, twende zahanati."

"Siku bado."

"Ile karantini..."

"Ya ng'ombe."

"Haikuwa ya ng'ombe."

Punje ziliendelea kudondoka. "Ya nani?"

"Loveness. Wa Gendabi."

Gunzi likasimama mkononi.

"Zile chupi nafua mimi, Dokta. Bluu mpaka kwenye mshono. Nilikuwa nangoja uniambie umepata kazi ya kupaka rangi ofisi za mkoa." Akaweka gunzi chini. "Na huyu?" Akajishika tumbo.

Nicodemo akasema yote aliyoambiwa, na neno lile la kufa akalisema akitazama kuku. Restituta alijifunga kanga, akatangulia. Njia nzima Nicodemo aliona mgongo wake tu.

Hilda hakuona kidonda. Hakuweza kuapa kwamba kirusi hakipo. Aliandika rufaa ya hospitali, akamfundisha Restituta dalili, na jioni hiyo Restituta akatangaza karantini yake mwenyewe, ambayo haikutajwa itafunguliwa lini.

Aliposhuka tena Gendabi, Nicodemo alimwambia Loveness akapime. Loveness akauliza nani alimpa nani. Dokta akarudi bila kunywa.

Restituta alijifungulia hospitali, mjini Mbulu. Wakunga walimkagua uchungu ulipoanza, hawakuona kitu, akazaa kwa njia ya kawaida mtoto wa kike. Walimruhusu kwa onyo: wiki za mwanzo mtoto akichemka mwili, akikataa ziwa, akilegea au akitoka lengelenge lolote, arudishwe mbio.

Nicodemo akalichukua onyo lile kwa mikono yote. Kila asubuhi alitoka chumba cha ndama, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaingia, akamwinamia mtoto, akamfungua kinywa kwa kidole gumba na kutazama ndani, kama anavyotazama mtamba wa Gendabi.

"Ana meno mangapi?" Restituta akauliza asubuhi moja bila kugeuka.

"Hana."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi toa kidole. Rudi kwa ndama."

Akarudi.