Vibuyu Kumi na Kimoja vya Nathanael

Kijiji kizima cha Ijumbi hakikuwa na miguu kama ya Nathanael Rugaibula. Ilikuwa mipana, mizito, na ilishika ardhi kama miguu ya mtu aliyeinunua. Kabla hajaokoka, watu walikuja kuiomba kutoka vijiji vitatu. Si kwa safari. Kwa rubisi, pombe ya ndizi.

Rubisi haitengenezwi kwa mikono. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, humwagwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, ule tunaouita omwato, zikachanganywa na majani makavu. Halafu mwanamume huingia na kuzikanyaga mpaka zitoe maji yake. Wengi hukanyaga wakapata uji. Nathanael alikanyaga akapata maji mekundu, safi, ambayo yakitiwa mtama, siku mbili baadaye yaliwafanya wazee wenye heshima zao wasahau njia ya nyumbani.

Mwaka wa arobaini na nne akaokoka. Aliokoka kwenye mkutano mkubwa wa walokole, na alifanya jambo hilo kama alivyofanya mengine yote, kwa kishindo. Kesho yake alichukua shoka akaupasua omwato wa baba yake mbele ya watu. Penina mkewe alipikia kuni zile wiki mbili. Penina ni mzaliwa wa kijiji cha Kaagya, na watu wa Kaagya huwa na neno lao. Alisema ni mara ya kwanza pombe ya mumewe kumletea faida jikoni.

Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, walokole walipokutana chini ya paa la nyasi la kanisa, Nathanael alisimama kutoa ushuhuda. Ushuhuda ulikuwa wa kweli, tatizo lake lilikuwa afya. Kila mwezi ulinenepa. Mwaka wa kwanza alikuwa akinywa kibuyu kimoja kwa siku. Mwaka wa pili vilikuwa vinne, na alikuwa analala mferejini. Kufikia mwaka wa arobaini na nane alikuwa amekunywa karibu Ziwa lote, na chui alikuwa ameshamnusa usoni mara mbili akamwacha kwa ajili ya harufu. Mutembei, mwalimu wa kanisa aliyeongoza kikundi, mtu mwembamba mwenye kola iliyonyooka, alikuwa akifumba macho ushuhuda ukianza. Watu walidhani anaomba.

Ndipo Kagaruki alipotaka kuoa.

Kagaruki ni mdogo wake Nathanael. Hakuwa mlokole, hakuwa hata Mkristo wa sikukuu. Alikuwa amempata Kokugonza, binti wa Mzee Rugemalira wa ng'ambo ya kinamasi. Kila kitu kilikuwa tayari, na ndizi zilikuwa shimoni zimeiva, mtu aliyekodiwa kuzikanyaga alipojikata unyayo kwa panga. Ndizi zilizoiva hazimsubiri mgonjwa. Kagaruki akaja kwa kaka yake anatweta.

"Kaka, waitu, nihurumie, nimekwisha."

"Sikanyagi," alisema Nathanael kabla hajaulizwa.

"Sijasema kitu."

"Umeitazama miguu yangu tangu ulipoingia."

Kagaruki akakaa. "Sikuombi mdomo. Mdomo wako umeokoka, tunajua, unatuambia kila wiki. Naomba miguu tu. Mdomo ubaki nyumbani na shemeji."

"Ubaki na nani?" alisema Penina kutoka jikoni. "Nenda nao huko huko."

Nathanael aliomba siku moja ya kufikiri, na hapa ndipo alipokosea, kwa sababu mtu anayefikiri juu ya jambo analolitaka hupata sababu upesi. Alipekua maandiko akakuta nabii mmoja anasema alikanyaga shinikizo la zabibu peke yake. Kama nabii alikanyaga, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikunywa, basi kukanyaga si kunywa. Hoja hiyo aliiona imesimama wima. Aliosha miguu mara tatu, akaimba wimbo wa kanisa, akaingia ndani ya omwato wa Kagaruki.

Majirani wanasema ndizi zile zilikamuliwa kwa furaha isiyo ya kawaida.

Sasa, Nathanael alikuwa amekanyaga rubisi tangu ujana wake. Hakuna mtu Ijumbi aliyejua desturi kuliko yeye. Namna alivyoisahau hii moja ni jambo ambalo hata mwenyewe hakuweza kulieleza: pombe ya ukweni huonjwa na aliyeikanyaga. Huonjwa mbele ya wakwe, kibuyu kwa kibuyu. Asipoonja, maana yake anajua kilichomo.

Basi siku ya siku vibuyu kumi na kimoja vikapangwa kwenye nyasi safi uani kwa Mzee Rugemalira, na mzee akauliza, "Aliyekanyaga ni nani?"

Watu wote wakaitazama miguu ya Nathanael.

"Mzee, mimi siku hizi situmii," alisema Nathanael.

"Hutumii nini?"

"Pombe. Nimeokoka."

Mzee Rugemalira akawageukia ndugu zake. "Mtu ametengeneza pombe, ameibeba mpaka kwangu, na mwenyewe anaiogopa. Ninyi mnaelewaje?"

Mmoja akasema yeye anaelewa vibaya. Shangazi wa bibi harusi akaanza kukunja mkeka. Kagaruki alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

Nathanael akachukua mrija. Alionja kibuyu cha kwanza kwa ncha ya ulimi, akatema kidogo chini, mzee akasema, "Hapana. Umeze." Akameza. Kibuyu cha pili alimeza kwa huzuni. Cha tatu alitikisa kichwa, akasema kimekosa mtama kidogo. Cha tano alirudia ili kuwa na hakika. Alipofika cha nane alikionja cha kwanza tena, kwa ajili ya kulinganisha. Kufikia cha kumi na moja alikuwa amemkumbatia Mzee Rugemalira akimwita tata, yaani baba, na pombe ilikuwa imepokelewa kwa vigelegele.

Mambo yangeishia hapo, dhambi ndogo ya ukweni. Lakini Nathanael alisimama katikati ya ua, akainua mkono, akatoa ushuhuda. Wote, tangu mwanzo. Kibuyu, mfereji, chui, shoka. Alieleza kwa machozi jinsi alivyoachana na pombe milele, akiwa amejishikilia kwenye mgomba. Wakwe walisema hawajawahi kuona harusi nzuri namna ile. Wakamwomba arudie sehemu ya chui.

Asubuhi yake aliamka akiwa na kichwa chake mwenyewe, na akakumbuka kila kitu.

Alhamisi hakwenda kwenye kikundi. Alisema ana malaria. Alhamisi iliyofuata ilikuwa mgongo. Kwenda kisimani alipita nyuma ya vibanja vya migomba vya watu, akikanyaga matandazo kama mwizi, ili asipite mbele ya kanisa. Watu walikuwa wameshajua. Habari ilivuka kinamasi kabla yake na ilikuwa haijalewa. Lakini aibu ya watu si iliyomla. Kilichomla ni kwamba alipofumba macho kuomba, hakupata la kusema. Kila sala aliyoijua ilianza na jinsi alivyotolewa matopeni, na sasa alikuwa matopeni. Jioni, kabla ya chakula, alimwachia Penina aombe.

"Kuna andiko," alimwambia siku moja, "linasema aliyekwisha kuangaziwa akaanguka, hawezi kufanywa upya. Nimelisoma mara saba. Mlango umefungwa, Penina."

"Nani kaufunga?"

"Mimi."

"Kumbe una nguvu. Mlango wa jikoni umekushinda tangu Pasaka."

Hakucheka. Akamwambia ameamua kwenda Buganda. Wahaya wengi walikuwa wakienda huko kutafuta kazi mashambani. Meli ilikuwa inaondoka Bukoba Ijumaa. Huko hakuna aliyemjua, si kama mlevi wala kama mwokovu. Atatuma chochote atakachopata. Kurudi, hajui.

Penina naye sasa hakucheka. Alikaa na kisu mkononi, ndizi imemenywa nusu.

"Mungu unamkimbia, hayo yenu," alisema. "Mimi nimekunywa nini?"

Nathanael akainuka. Alifunga sanduku. Siku ya Alhamisi asubuhi alikwenda kuaga kwa jirani, Mawe Alistidia (mawe kwetu ni mama), mjane Mkatoliki aliyekaa upande wa pili wa ua. Miaka minne alikuwa akimwombea bibi huyu atoke katika giza la Roma, na kila mara alimwombea kwa sauti, karibu na ua, ili asikie.

Mawe Alistidia alikuwa anaanika kahawa yake kwenye mkeka. Alimpa punje chache za kutafuna, kama anavyopewa mgeni, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Vibuyu kumi na kimoja?"

"Nilionja, Mawe."

"Kumi na kimoja ni kuonja. Mimi kwa kumi na kimoja ningeolewa tena." Akaendelea kuokota kahawa mbovu. "Ninyi walokole mnanishangaza. Mna ungamo moja, mnalifuga kama ng'ombe. Kila wiki mnalitoa nje watu walione lilivyonona. Mimi langu ni kuku. Kila Jumamosi nampeleka kwa Padre, anachinjwa, yamekwisha."

"Unaungama nini kila Jumamosi, mtu mzima kama wewe?"

"Kumsengenya Benigna. Dhambi ile ile tangu vita. Padre ameshaizoea. Nikikosa kumtaja ananiuliza, 'Benigna hajambo?'"

Nathanael alitaka kutabasamu akajizuia. "Mawe, langu si kuku. Mimi nilimkana Bwana. Nilisimama mbele ya watu, nimelewa, nikalitumia jina lake kuwachekesha wakwe."

"Petro alimkana mara tatu, akiwa mzima kabisa, mbele ya kijakazi. Akapewa funguo."

"Hayo ya funguo ni mambo yenu."

"Haya, waachie Warumi funguo zao. Samaki je? Samaki wako katika kitabu chako pia, au Walutheri mliwatoa?"

"Samaki gani?"

"Wa asubuhi, pwani ya ziwa. Petro amekana, ameona haya, amerudi kwenye nyavu zake kama wewe unavyokwenda Buganda. Anatoka majini, anamkuta Bwana amekoka moto, anachoma samaki. Na mkate upo. Hakuuliza habari ya jogoo kwanza. Alisema njooni mle." Mawe Alistidia akapuliza maganda kwenye kiganja. "Nimepikia watu miaka hamsini. Nimewapikia hata nisiowapenda. Lakini mtu ninayetaka aondoke kwangu, huyo simchomei samaki."

Nathanael alitafuna kahawa mpaka ikaisha ladha. Andiko alilolisoma mara saba bado lilikuwepo kichwani, halikufutika. Lakini sasa kulikuwa na moto wa asubuhi karibu nalo, na mtu aliyechutama anageuza samaki, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alijiona kama mtu anayeweza kuitwa.

"Na meli?" aliuliza Nathanael.

"Kwani ni ya mwisho? Itarudi wiki ijayo. Nenda kwa wenzako leo."

Alasiri alikwenda. Kanisa lilijaa kuliko kawaida. Mtu hahitaji kuwa na akili nyingi kujua kwa nini. Wengine walikuwa wamekuja na vitambaa vya kufutia machozi tayari mkononi. Nathanael alisimama. Mutembei akafumba macho.

"Sina ushuhuda," alisema Nathanael.

Mutembei akafumbua jicho moja.

"Nilikanyaga rubisi, nikajidanganya kwamba miguu si mimi. Halafu nikanywa. Na yale niliyokuwa nawaambia hapa, mengine niliyaongeza. Chui hakuwepo. Alikuwa mbwa wa Rutashobya. Naomba Bwana anipokee hivi nilivyo. Na ninyi, mkiweza."

Akakaa. Watu walikuwa wamejiandaa kwa saa nzima, na yote yalikuwa yamekwisha kabla ya mtoto wa mtu yeyote kulia. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza, kwa upole, kama ni kweli vilikuwa kumi na kimoja.

"Cha kwanza nilikionja mara mbili."

Hakuna aliyejua nani alianza kucheka. Lakini Mutembei ndiye aliyesimama akiwa bado hajacheka, kola yake imenyooka.

"Mimi nina neno," alisema. "Habari ya kaka yetu iliponifikia, nilifurahi. Nilimshukuru Mungu, kwa maneno. Nilisema, sasa tutapumzika kusikia habari za chui. Kaka ameanguka, na mimi nimekula chakula cha jioni vizuri. Wiki tatu sikwenda kumwona, na nyumba yake iko njiani kwangu. Anisamehe."

Nathanael alimtazama mtu huyu ambaye kola yake ilimtia hofu miaka minne, akaona kwamba naye alikuwa amesimama pale hana kitu mkononi. Akainuka akamfuata. Walikumbatiana vibaya, kola ikapinda. Wengine wakaanza wimbo, kwa sauti mbili zisizopatana, kama kawaida.

Nyumbani, Penina alikuta sanduku limefunguliwa na shati la safari liko juu ya kamba. Hakusema kitu, na kwa mtu wa Kaagya hilo si jambo dogo. Alipakua ndizi na maharage, akaketi, akainamisha kichwa ili aombe kama alivyokuwa akifanya wiki tatu.

Nathanael akamtangulia.

"Bwana," alisema, "asante kwa kutualika." Akatafuta neno la pili, hakulipata, akasema amina.

Penina alisubiri kidogo, kwa heshima, sala iendelee. Halafu akainua kichwa. Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye chakula.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Basi ule," alisema, akamsogezea sahani.