Siku Baba Mkwe Aliponipa Funguo za Gari

Baba mkwe wangu hajawahi kumwazima mtu gari lake. Hata mke wake alikuwa analipanda kwa kubembeleza.

Kwa hiyo aliponitupia funguo asubuhi ile na kusema, "Mwanangu, mpeleke mama mkweo kliniki ya macho," nilihisi nimeoa upya.

"Baba, una uhakika?"

"Wewe ni damu yangu sasa. Fungulia na redio, mama anapenda muziki."

Tukaondoka. Mama mkwe kakaa nyuma kama balozi, mkoba mapajani. Macho yake yana ukungu, lakini masikio yanasikia hata unachopanga kusema.

Hatujafika mbali, akanigusa bega.

"Punguza redio. Kuna mtu anabisha hodi."

"Hodi wapi, mama? Tuko barabarani."

"Ndiyo maana nakuambia."

Nikapunguza.

Ko. Ko. Ko.

Nikikanyaga mafuta, kokokoko. Na pale mbele yangu, taa nyekundu yenye umbo la kopo la oili imewaka inanitazama.

Jasho likanitoka. Gari la mzee, mikononi mwangu, na mke wake ndiye shahidi.

Nikasimama pembeni nikazima. Bahati nzuri ng'ambo kulikuwa na gereji. Fundi akaja, akachomoa kijiti cha kupimia oili.

"Oili imejaa," nikawahi kujitetea.

"Kujaa imejaa. Swali ni kama inapanda."

Akafunga geji ya presha, akaniambia niwashe kidogo. Mshale haukutikisika. Akagusisha ncha ya bisibisi ndefu chini ya injini, mpini akauweka sikioni kama daktari.

"Zima. Zima haraka, unaua."

Tukalisukuma hadi gereji, mama mkwe akiwa ndani. Alisema hakupanda gari ili atembee.

Fundi akamwaga oili kwenye beseni, akafungua bakuli la chini ya injini, akapitisha kidole. Kikatoka kinameta kama kimepakwa rangi ya kucha.

"Pampu ya oili imekufa. Hivi vinavyometa ni beringi, zimesagika kwa kukosa oili. Hapa ni kushusha injini, tuone krankishafti, ule mhimili unaozunguka ndani, imekwanguka kiasi gani. Na ugonjwa huu si wa leo."

Mimi nilisikia "kushusha injini" tu. Nikaona na ndoa yangu inashushwa humo humo.

Nikampigia mzee. Akaja amepakiwa na kijana wa pikipiki, uso kaukunja.

"Shikamoo, baba," nikasema nikiangalia viatu vyangu.

"Umelifanya nini gari langu? Nimekukabidhi likiwa zima kabisa."

Kabla sijajibu, fundi akatoka uvunguni, akamkazia macho mzee, halafu akatabasamu.

"Kumbe gari lenyewe ndilo hili? Shikamoo, Mzee Kokoko."

Mzee akageuka kumtazama mwenye pikipiki, aliyekuwa bado anasubiri nauli.

Fundi wa watu, bila ubaya wowote, akanigeukia. "Mzee alikuja hapa wiki iliyopita kwa miguu. Akatuigizia mlio kwa mdomo, gereji nzima ikaacha kazi. Nikamwambia hiyo ni pampu, asiliwashe hata kulitoa uani. Tukawa tunamsubiri alilete likivutwa."

Mlango wa nyuma ukafunguka taratibu. Mama mkwe akashuka.

"Mume wangu," akasema kwa upole ulionitia baridi, "kwa nini hukuniambia?"

Mzee akakuna kisogo. "Ulisema tuliuze, nikabisha kwamba bado lina nguvu. Nikaona likifia kwa kijana, itakuwa bahati mbaya tu."

"Kwa mume wa mwanao?"

"Nilijua huyu atanyamaza."

Mama mkwe hakugombana. Alikwenda kwa yule mwenye pikipiki, akapanda, akakumbatia mkoba wake.

"Mimi nawahi kliniki," akasema. "Injini ikishushwa, mzee ndiye ashike tochi."

Na akaishika kweli, amechuchumaa, oili ikimdondokea shatini, mafundi wakipishana kumsalimia kwa jina lake jipya. Krankishafti ikapona kwa kuchongwa. Beringi na pampu zikafungwa mpya. Mimi na mzee tunaelewana, ila siku hizi akiniita "mwanangu" nasogea nyuma kidogo.

Ndugu zangu, taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, usijidanganye kwamba nyumbani ni karibu.

Na mkwe akikujia na ukarimu wa ghafla, pokea kwa mikono miwili, kisha muulize kwa heshima: "Baba, linaumwa wapi?"