Ukuta Tuliopaka kwa Ajili ya Mgeni

Tulitangaziwa pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwamba afisa angekuja kutoka Mbarara kukagua nyumba, na zilizo mbovu zingepewa mabati. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa umeinama, tumeuzuia kwa mti. Lakini kwetu Kivu mgeni hapokelewi katika nyumba chafu. Siku iliyotangulia mama alikandika kuta zote, akazipaka udongo mweupe, nyufa zikapotea. Nilimwambia aache. Akanikaripia, "Unataka tupate haya mbele ya mgeni?"

Afisa alisimama mlangoni na karatasi zake. "Mama, nyumba iko na shida?"

Nilimwomba kimoyomoyo: Sema, mama. Utaje ukuta.

"Iko muzuri, tunashukuru Mungu," akajibu, akimsogezea kiti.

Nikaropoka, "Zunguka nyuma uone!" Mama alinitolea macho. Afisa hakuzunguka; alimwekesha mama dole gumba kwenye karatasi, akanywa chai yetu, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo mvua iliangusha ukuta juu ya kitanda cha mama. Kwa bahati nzuri mwenyewe alikuwa jikoni.

Nilimfuata afisa kudai mabati. Akanionyesha karatasi: "Makazi yanafaa. Mwenye nyumba ameridhika." Chini yake palikuwa na alama ya dole la mama, wino umechanganyika na udongo mweupe.