Muuza Machipukizi ya Migomba

Tangu serikali iruhusu biashara huria, mifuko ya plastiki ilijaa tele sokoni Morogoro, lakini mama muuza machipukizi ya migomba bado aliyafunga kwa majani mabichi, akikaza kamba polepole kwa vidole vilivyopasuka kwa udongo wa Uluguru. Siku moja mteja wake, mhadhiri Stambuli, alimweleza kwamba migomba ililetwa Afrika zamani sana na wahamiaji waliovuka bahari. Mikono ya mama ikasimama.

“Maji ya kunywa je, mwanangu?”

“Waliyabeba chomboni.”

“Basi waligawana na miche. Mtoto analia kiu, na mama yake anamwagilia mgomba.”

Stambuli alikuwa ameifundisha safari ile miaka tisa, na kiu hakuwahi kuifikiria. Kesho yake darasani, somo alilianzia hapo.